Barabara Iliyoota Maharage

Mtu akikuambia udongo wa mahali fulani ni mzuri, usimshukuru haraka. Muulize kwanza: mzuri kwa nani? Mimi swali hilo nilifanya kazi miaka ishirini na kitu kabla ya kulijua, na aliyenifundisha ni mche wa maharage.

Haya nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi ya barabara sasa hivi. Mnanipita hapa Katandala na vizibao vyenu vinavyong'aa, simu mkononi, "shikamoo mzee", naitika marahaba, mnaendelea na safari zenu. Hamjui kwamba hiyo lami mnayoikanyaga naijua mpaka tumboni. Niliishia darasa la nne, wala sioni aibu. Nilianza kazi hii nikibeba ndoo za maji, nikamaliza nikiwa nyapara wa gengi, na kuna mainjinia wenye vyeti vya kujaza ukuta ambao walikuwa hawamwagi kifusi mpaka waniulize. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Basi nianze na kitu cha kuwafaa. Chukua konzi ya udongo, utie maji kidogo, uviringishe katikati ya viganja utengeneze kamba nyembamba kama mkia wa panya. Kamba ikikatikakatika, udongo huo una mchanga, ni rafiki. Ikivutika, ikang'aa, ukaweza hata kuifunga fundo, kimbia. Huo ni mfinyanzi. Mama wa vyungu ataupenda, wewe hautakufaa. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unasinyaa, na lami iliyo juu yake inapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta.

Na maji. Kushindilia udongo ni kama kusonga ugali. Maji yakizidi umepata uji, rola inaogelea. Yakipungua umepata madonge, unaweza kupita na rola kutwa nzima na chini kumebaki na nafasi za hewa. Kipimo changu ni hiki: finya bonge mkononi. Likishikana bila kukuachia matope kiganjani, liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika vipande vichache, mwambie dereva wa rola awashe. Likitapanyika kama unga, ita boza la maji. Likibandika chini kama kinyesi cha ng'ombe, mwambie kila mtu akanywe chai, jua lifanye kazi yake.

Hayo ya viganja nilijifunza mwenyewe. Ya maabara nilifundishwa na Mama Tusekile.

Mama Tusekile alitoka Mbeya, fundi wa kupima udongo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya. Maabara yake ilikuwa kontena moja lililojaa sufuria na mizani. Siku ya kwanza nilimdharau, nasema kweli. Nikamletea mabonge mawili makavu, jekundu na jeusi, yote magumu kama tofali la kuchoma.

"Haya mama, chagua lenye nguvu," nikamwambia, na gengi limesimama nyuma yangu likisubiri kucheka.

Hakuyagusa. Akayatumbukiza yote kwenye beseni la maji. "Mzee Kasiano, njoo kesho."

Kesho yake bonge jekundu lilikuwa limekaa pale pale, limelowa tu. Jeusi halikuwepo. Kulikuwa na tope chini ya beseni.

"Kiangazi kila udongo ni shujaa," akasema. "Usimwamini mpaka aoge."

Gengi likanicheka mimi. Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Alikuwa akiloweka udongo siku nne nzima kabla ya kuupima, na mtu akimharakisha alimjibu, "Mvua ya hapa Ufipa itakaa siku nne tu?"

Mtafikiri kwamba baada ya somo hilo nilipata akili. Sikupata. Mtu anaweza kujua jambo kichwani na miguu ikawa haijapata habari.

Kule Pito, kwa mfano, tulikuwa tunafungua barabara ndogo, tukakuta kichuguu. Nikaagiza kikwanguliwe kichwa, tuendelee. Kichuguu, wanangu, ni kama jipu, kichwa ni kidogo, mambo yako chini. Mchwa wamechimba vyumba na korido. Shabani, dereva wetu wa mitambo, kijana wa mjini kutoka ukoo wa wenye malori, akapita na rola. Gurudumu moja likazama mpaka kwenye ekseli. Shabani akabaki ameinama upande mmoja juu ya kiti, ananitazama.

"Mzee, umeniingiza kwa mchwa bila hata hodi!"

Tulichimba kichuguu chote siku mbili, mpaka tukamkuta malkia wao. Shabani alimvulia kofia.

Sasa nije kwenye maharage.

Barabara kubwa ya kwenda Namanyere ilikuwa inajengwa kwa lami, na kwenye kipande kimoja wapimaji waliinyoosha kona ya zamani. Njia mpya ikakata shamba la mama yangu mzazi, Mama Leokadia. Upande mmoja tu wa shamba, naye alikwisha kukubali. Mimi nikapewa kipande hicho na gengi langu. Fikiria fahari yangu! Kasiano wa darasa la nne, anapitisha lami kwenye shamba alilolimishwa akiwa mtoto.

Kwa msiotoka huku, niwaeleze tunavyolima. Sisi Wafipa mvua zikielekea mwisho tunakata nyasi, tunazifunika kwa mabonge ya udongo wa juu, tunafanya vilima vya duara. Hizo ndizo ntumba. Juu yake unapanda maharage, chini nyasi zinaoza polepole, na mvua za mwaka unaofuata unavibomoa, unasambaza, unapanda ulezi au mahindi. Udongo wake ni mweusi, mwororo, unanukia. Mfipa akikuonyesha ntumba zake, anakuonyesha akiba yake.

Injinia, kijana mpole kutoka mbali ambaye alikuwa hajaona ntumba maishani mwake, aliniambia maneno mafupi: "Mzee Kasiano, kwangueni mpaka mfike kwenye udongo mwekundu. Mweusi wote uende pembeni."

Ilikuwa Agosti. Vilima vimekauka, maharage yamekwisha kuvunwa. Nikapiga kisigino. Pa! Kama sakafu ya kanisa. Nikamwambia, "Injinia, huu ni udongo wa kwetu. Naujua tangu nikiwa mgongoni. Hakuna udongo mzuri kuliko huu Ufipa nzima."

Na nilikuwa nasema kweli! Ndilo kosa lenyewe. Kwa ulezi, hakuna mzuri kuliko huo.

Alipoondoka nikamwambia Shabani asawazishe tu. Mitambo ilikuwa na kazi kwingine, na mimi nilitaka kipande changu kimalizike kabla ya vipande vya wenzangu. Greda likavikwangua vilima vichwa, likajaza mabonde katikati yake, pakawa tambarare, pakapendeza. Juu tukamwaga changarawe nyekundu, tukashindilia mpaka inalia.

Mama alipita na kikapu chake kichwani akasimama. "Kasiano, nyasi zangu umezitoa?"

"Mama, hii ni kazi ya mitambo."

"Nimeuliza nyasi."

"Mama, nenda nyumbani, jua kali."

Alinitazama vile mama anavyomtazama mtu aliyewahi kumwogesha. Akaenda.

Kabla ya kumwaga changarawe, Mama Tusekile alikuwa amekuja kupima. Alikuwa na vipande vitatu vya kupima siku hiyo, jasho linamtoka. Akaniuliza, "Nichimbe wapi, mwanafunzi wangu?" Nikamwonyesha mahali. Nilimwonyesha katikati ya ntumba na ntumba, pale ambapo udongo wa juu ulikwisha kukwanguliwa na jembe la mama ili kujengea vilima, ambapo chini kidogo tu ya kile greda lilichojaza ni pagumu pekundu. Nilijua. Sikumdanganya kwa mdomo, nilimdanganya kwa kidole. Akapima, pagumu, akatia sahihi.

Mvua za kwanza zikaja mapema, siku tatu mfululizo, zikakatika. Siku chache baadaye, barabara ilipokauka, Shabani akaniita kutoka juu ya greda.

"Mzee! Njoo uone bahari yako."

Barabara ilikuwa na mawimbi. Bonde, kilima, bonde, kilima, kwa nafasi sawasawa, kama mtu amepanga kwa kamba. Basi la Namanyere lilipita kwenye njia ya pembeni tuliyowaachia, na vijana wa bodaboda wakasimama kushangaa. Mmoja akapiga kelele, "Mzee mambo! Hizi ni ntumba za lami?" Mwenzake akajibu, "Subiri, mshikaji, atavuna Juni!"

Nikacheka nao, meno ya nje. Kisha nikaona injinia amechuchumaa ukingoni. Alikuwa ameshika mche mdogo wa kijani, majani mawili, umetokea kwenye bega la barabara.

"Mzee Kasiano, hiki ni nini?"

"Maharage, injinia."

"Kwenye mchoro wangu hakuna maharage."

Gengi zima lilikimbilia nyuma ya boza kwenda kucheka. Mimi sikuwa na boza la kujifichia.

Lakini kicheko kiliisha pale pale, maana injinia alitoa karatasi kwenye faili, akamgeukia Mama Tusekile aliyekuwa amefika naye. "Hapa panasema pamepimwa, pagumu. Mama Tusekile, hii si sahihi yako? Mkaguzi anakuja wiki ijayo kabla ya lami. Nitamwambia nini? Kwamba mpimaji wangu anapima akiwa amelala?"

Kazi ya mpimaji ni sahihi yake, wanangu. Sahihi ikiharibika, hakuna barabara itakayomtaka tena. Mama Tusekile alikuwa na uwezo wa kusema neno moja, "Kasiano alinionyesha mahali." Hakusema. Alisimama tu, mikono nyuma, anatazama yale mawimbi, na mimi nilijua kwamba anajua. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma udongo, angekosaje kunisoma mimi?

Nilihesabu vifungo vya koti langu. Vilikuwa vinne. Nikavihesabu tena. Halafu nikasema, "Injinia, ni mimi."

Nikaeleza yote. Nyasi, Agosti, kisigino, kidole. Mbele ya gengi, mbele ya Shabani, mbele ya wale wa bodaboda. Mtu anayejisifu kama mimi, hiyo ni kazi nzito kuliko kupakia kokoto kwa koleo.

Injinia aliirudisha karatasi kwenye faili. "Unaweza kuzitoa nyasi zote kabla ya mkaguzi?"

"Naweza."

"Ukishindwa, nyote wawili mtapanda basi moja kwenda nyumbani. Na usichimbe barabara nzima, sina changarawe ya kujaza kipande chote upya. Toa penye nyasi, pengine paache."

Hapo nikaona ugumu. Mawimbi yalikuwa yameonyesha ntumba zilizokwisha kuzama. Zile ambazo hazijazama bado, ambazo maji hayajazifikia, nitazijuaje chini ya changarawe? Mama Tusekile akaleta fimbo yake ya chuma, ile yenye nyundo inayopanda na kushuka, unahesabu mapigo mpaka izame. Ni kifaa kizuri, lakini kila shimo linakula muda, na sisi tulikuwa hatujui pa kuanzia. Tulipiga asubuhi nzima tukapata ntumba mbili.

"Hizi nyasi alizika nani?" Mama Tusekile akauliza.

"Mama yangu."

Akaniwekea nyundo chini. "Na sisi tunauliza chuma?"

Nilikwenda nyumbani kwa miguu, nikapiga hodi kama mgeni. Mama alikuwa anapepeta ulezi. Nikamwamkia, nikapiga goti. "Mama, zile nyasi sikuzitoa."

"Najua," akasema. "Nimesikia barabara imeota. Nimecheka mpaka mbavu zinauma." Akajifunga kanga ya pili kiunoni. "Twende."

Sasa tazameni elimu. Mama yangu hajasoma hata siku moja. Alikwenda kwenye kisiki cha mti wa msuku, alama ya mpaka wa shamba lake, akageuka kuelekea barabarani, akavua ndala. "Mimi ntumba zangu ni hatua mbili na unyayo mmoja. Mama yangu alinipimia hivyo, na yeye alipimiwa na mama yake." Akaanza kutembea juu ya changarawe, miguu mitupu, hatua mbili, unyayo, ananyoosha kidole: "Hapa." Hatua mbili, unyayo: "Hapa." Mama Tusekile anafuata na fimbo ya chuma, Shabani anainua nyundo. Kwenye changarawe inagonga, ngo, ngo, ngo, halafu ghafla inazama, tiii, kama kijiti kwenye ugali.

"Ipo!" anapiga kelele Shabani.

"Mjukuu wangu, kwani nilikuambia haipo?"

Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa shamba. Hakukosa hata moja. Mahali pamoja chuma kilikataa, kikagonga pagumu, Mama Tusekile akasema hapa bibi amesahau. Mama akarudi nyuma, akafikiri. "Ah! Mwaka ule hapa kulikuwa na jiwe. Nilisogea." Akasogea unyayo mmoja kushoto. Tiii. Injinia, aliyekuwa ameanza kutazama akiwa kwenye gari, alikuwa ameshuka na daftari anaandika.

Tukachimba. Changarawe safi tukaiweka upande mmoja, udongo mweusi upande mwingine. Nyasi zilikuwa hazijaoza zote, za kahawia, zinanuka kama machicha ya pombe. Udongo mweusi haukukaa hata saa moja pembeni, maana wanawake wa kijiji walikuja na vikapu na ndoo, wanaimba, wanaubeba kwenda mashambani mwao. Mmoja akamwambia injinia, "Baba, kesho mtachimba tena? Mharibu na kwangu!" Yule kijana mpole alicheka mpaka akashika bega la Shabani.

Tulijaza mashimo kwa tabaka nyembamba, kiganja na nusu kila tabaka, kila moja linamwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya lingine. Nilifinya mabonge mpaka vidole vikafa ganzi. Kila shimo Mama Tusekile alichagua mwenyewe pa kupima. Sikunyoosha kidole. Niliweka mikono mfukoni na kufumba macho, naye akasema, "Angalau sasa unasaidia."

Siku ya mwisho mawingu yalikuwa yanapanda upande wa milima ya Lyamba lya Mfipa, meusi, yana haraka. Mama alikuwa amekaa kwenye kisiki chake. "Mna muda wa mashimo matatu," akasema. Tulikuwa na manne. La nne tulilishindilia huku matone yanatugonga mgongoni, Shabani akaweka turubai la lori lao juu yake, na sote tukakimbilia kwenye kontena la maabara.

Ikanyesha. Nayo ilinyesha kwa dhati, siku tatu usiku na mchana, kama inanitafuta mimi kwa jina. Mama Tusekile bado alikuwa na ile siku yake ya nne moyoni. "Ya nne," akasema. "Na siku ya nne ipite." Ikapita.

Asubuhi ya siku ya tano tulikwenda wote. Barabara ilikuwa imelowa, nyekundu, imenyooka kama kamba ya wapimaji. Mama Tusekile akapiga chuma chake pale alipotaka yeye. Ngo, ngo, ngo. Hakikuzama. Akanitazama, akatoa kalamu, na kabla ya kutia sahihi akanipa ile kalamu niishike kidogo, basi, kuishika tu. Sijawahi kupewa cheti, lakini hicho najiona nilipewa.

Injinia alitembea ukingo wote ameinama. Akarudi. "Mzee Kasiano, leo hakuna maharage."

"Yatakuwepo, injinia," mama akadakia. "Njoo Juni." Mkaguzi alikuja, akapima, akapitisha, lami ikamwagwa. Na injinia kweli alikuja Juni, akala maharage yaliyootea kwenye udongo uliofukuzwa barabarani. Akaongezewa sahani.

Siku hizi mna mashine zinazoona chini bila kuchimba, nasikia. Vizuri. Zitumieni. Lakini mkifika mahali pa kupitisha barabara, kabla hamjawasha chochote, ulizeni ni nani alilima hapo, alizika nini, maji hulala wapi masika. Kuna mtu anajua. Mara nyingi ana kikapu kichwani, na ameshakuuliza swali ukamwambia jua kali.

Mama yangu bado yupo, macho yamepungua, ulimi haujapungua. Mwezi uliopita nilimpeleka Namanyere kumwona dada yangu. Tulipopita kile kipande basi lilikuwa linateleza tu, kimya, chai kwenye kikombe cha jirani haikutikisika. Mama alikuwa amesinzia. Ghafla nikahisi kidole chake kinagonga goti langu, taratibu, kwa nafasi sawasawa.

"Hapa," ananong'ona. "Hapa. Hapa."

Nikaanza kucheka, naye akaanza, tukacheka mpaka watu wakageuka. Konda akaja mbio, ameshika kiti. "Bibi, unashuka hapa?"

"Hapana, mjukuu wangu," mama akamwambia. "Endesheni tu. Nahesabu ntumba zangu."